Mtoto ametanguliza matako, akageuzwa kwa mkono, kichwa kikakaa chini: mbona wengine bado wanaishia kisu?

#1 Subira_N
Wakuu, salaam. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya kwanza, mtoto katanguliza matako. Wiki ya 37 daktari akamgeuza kwa mikono juu ya tumbo, kichwa kikaja chini, nyumba nzima tukashangilia. Uchungu ukaanza wenyewe, njia ikafunguka hadi sentimita 6, ikagoma hapo hapo. Wakamsubiri sana, mwisho akapelekwa chumba cha upasuaji. Mama na mtoto ni wazima, namshukuru Mungu.

Tangu hapo nimeuliza huku na kule na nakuta si yeye peke yake. Ndiyo maana naleta dai langu: mtoto aliyegeuzwa kwa mkono si sawa na aliyekaa kichwa chini mwenyewe, hata kama kwenye ultrasaundi wanaonekana sawasawa. Wenye ujuzi, kama ni kweli, sababu ni nini? Na je, mama anaambiwa hilo kabla ya kusaini?

#2 Mti_Mkavu
Uzito wa mtoto ulikuwaje? Uchungu kugoma kwenye mimba ya kwanza kunawapata hata ambao watoto wao walikaa vizuri tangu mwanzo. Usikimbilie kukubebesha lawama kugeuzwa.

#3 Subira_N
Kilo 3.1. Wala silaumu mkuu, nauliza.

#4 mkunga_wa_zamu
Dada Subira, umegusa kitu ambacho sisi wa wodi ya wazazi tunakiona. Mama anakuja na uchungu, kwenye faili imeandikwa "amegeuziwa mtoto wiki mbili zilizopita". Unapima tumbo, kichwa ndiyo kiko chini, ila ukikishika juu ya mfupa wa kinena bado kinachezacheza. Hakijaingia nyonga. Kwa mimba ya kwanza ungetegemea kichwa kiwe kimeshashuka kabla uchungu haujaanza.

Kwa hiyo mimi huwa nauliza: huyu mtoto alikaa kitako kwa nini tangu mwanzo? Pengine nyonga ya mama umbo lake halikukipa kichwa nafasi. Pengine kondo la nyuma limejishikiza chini, au mfuko wa uzazi una umbo la tofauti, au kuna uvimbe. Mikono ya daktari imebadilisha mlalo wa mtoto, lakini ile sababu iliyomkalisha kitako hakuna aliyeigusa. Ipo pale pale inasubiri siku ya uchungu.

#5 Mti_Mkavu
Hapo nimekusoma mkunga. Ila wengi hawana sababu yoyote inayoonekana. Wiki ya 28 karibu mtoto 1 kati ya 4 au 5 amekaa kitako, ikifika mwisho wa mimba wanabaki 3 hadi 4 kati ya 100. Wengine ni kwamba tu hawakuwahi kugeuka.

#6 Namba_Hazidanganyi
Mleta mada, dai lako lina ushahidi. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Uholanzi likiongozwa na de Hundt lilikusanya tafiti zilizolinganisha waliogeuziwa mtoto na wale ambao watoto wao walikaa kichwa chini wenyewe. Waliofanikiwa kugeuziwa, takriban 1 kati ya 5 aliishia upasuaji, na uwezekano wao ulikuwa kama mara mbili ya wenzao. Kuvutwa kwa vakumu au koleo nako kuliongezeka kidogo. Sababu zilizojitokeza kwenye upasuaji zilikuwa mbili: uchungu kugoma, kama wa mdogo wako, na mapigo ya moyo ya mtoto kuyumba.

#7 Baba_Neema
Mara mbili!! Basi si bora mtu akatae kugeuziwa, apange siku ya kisu yake, yaishe?

#8 Namba_Hazidanganyi
@Baba_Neema taratibu kaka. Hiyo mara mbili ni dhidi ya mtoto ambaye hakuwahi kukaa kitako. Mama anayeambiwa leo kwamba mtoto katanguliza matako hana tena chaguo la kuwa yule mwenzake. Chaguo lake ni ajaribu kugeuziwa au mtoto abaki hivyo, na akibaki hivyo sehemu nyingi kisu ni karibu cha uhakika.

Ukilinganisha hao wawili picha inageuka. Mapitio ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za afya) ya mwaka 2015, yaliyoongozwa na Hofmeyr wa Afrika Kusini, yalijumlisha majaribio 8 yenye wanawake 1,308. Waliojaribu kugeuziwa, upasuaji ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Na hapo wamehesabiwa hata wale ambao mtoto alikataa kugeuka.

#9 Baba_Neema
Nimeelewa. Ahsante.

#10 Fundi_Saa
Mimi nilidhani ni kazi rahisi. Shemeji yangu aliambiwa kugeuza kunafanikiwa mara 9 kati ya 10.

#11 mkunga_wa_zamu
@Fundi_Saa hapana, asiyumbishwe mtu. Kwa ujumla ni nusu kwa nusu. Mwongozo wa chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, RCOG, wa mwaka 2017 unatoa takriban 40% kwa mimba ya kwanza na 60% kwa aliyewahi kuzaa. Misuli ya tumbo na mfuko vikishalegea kwa uzazi uliopita, mtoto anapata pa kuzungukia. Maji yakiwa ya kutosha, matako yakiwa hayajazama kwenye nyonga, na kichwa kikishikika vizuri kwa mkono, uwezekano unapanda. Ipo pia sindano ya kulegeza mfuko wa uzazi, inasaidia sana.

Inawezekana hospitali ya shemeji yako inachagua wamama wenye dalili nzuri tu. Ukichagua hivyo, hesabu lazima ipendeze.

#12 Mama_Pacha
Niongeze yangu. Jina lisiwachanganye, hii ilikuwa mimba ya mtoto mmoja baada ya mapacha 😀 (mapacha hawageuzwi hivi wakiwa tumboni wote wawili).

Waliniweka kwenye mashine ya mapigo ya moyo kwanza, nikalala chali na mto mdogo chini ya nyonga upande mmoja. Nikapigwa sindano mkononi, baada ya muda moyo ukaanza kwenda mbio mpaka vidole vikatetemeka. Wakasema ndiyo kazi yake. Daktari akapaka tumbo jeli, akazamisha vidole juu kidogo ya kinena akayainua matako ya mtoto kutoka kwenye nyonga. Hapo ndipo panapouma, pale pa kuinua. Kwa mkono mwingine akakishika kichwa karibu na mbavu zangu, akakisukuma kuelekea mbele, mtoto akaanza kupiga kama anayebiringita. Anasukuma, anasimama, mwenzake anaangalia mapigo kwa ultrasaundi, anasukuma tena. Ghafla tumbo lote likahama umbo, nikaliona kwa macho yangu. Halafu mashine tena kwa muda mrefu kabla sijaruhusiwa.

Nilizaa kawaida, na uchungu ulikuwa mfupi kuliko wa mapacha. Kwa hiyo Subira, wapo tunaotoka salama.

#13 Fundi_Saa
Mama Pacha umeandika mpaka tumbo langu limeuma, na mimi ni mwanaume mwenye kitambi.

#14 Mama_Pacha
@Fundi_Saa hicho kitambi nacho kipelekwe kikaguliwe, usikute kimetanguliza matako.

#15 Mti_Mkavu
Turudi kwenye mada. Mama Pacha alishazaa, mdogo wa Subira ni mimba ya kwanza. Tofauti hiyo peke yake inabeba mambo mengi. Kwa aliyewahi kuzaa, nyonga imeshapimwa na mtoto aliyepita.

#16 daktari_wa_usiku
Nimepitia uzi wote, mmeongea vizuri. Mimi ningeitazama pia kwa upande wa mtoto.

Maelezo ya mkunga (#4) yanamtazama mama: nyonga, kondo, mfuko. Yanaeleza uchungu kugoma. Hayaelezi kwa nini mapigo ya moyo nayo yanayumba zaidi kwa hawa watoto. Watoto waliokaa kitako hadi mwisho wa mimba, kwa wastani huwa wepesi kidogo kuliko wenzao wa wiki zile zile. Inawezekana baadhi yao hawakugeuka kwa sababu wana nguvu kidogo au kondo lao halina akiba kubwa, na akiba hiyo inapimwa siku mikazo inapoanza kubana. Ndivyo ninavyoamini mimi.

Halafu kuna kichwa. Mtoto aliyekaa kitako muda mrefu mara nyingi kichwa chake kinakuwa kirefu kwenda nyuma na kimebanwa pembeni, kwa jinsi kilivyokaa chini ya mbavu. Ukimgeuza wiki ya 37 au 38, kichwa hicho hakijapata muda wa kukaa ndani ya nyonga. Kinaweza kuingia kikiwa kimeinuka kidevu badala ya kuinama, na hapo kipimo kinachopita kinakuwa kikubwa.

#17 Subira_N
@daktari_wa_usiku kama ni suala la muda, basi kwa nini wasigeuze mapema zaidi, tuseme wiki ya 34, kichwa kipate kuzoea?

#18 daktari_wa_usiku
Swali zuri na limeshajaribiwa. Mwaka 2011 Hutton na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 1,543 kutoka nchi nyingi. Kundi moja lilianza kugeuziwa wiki ya 34 hadi 35, jingine wiki ya 37 na kuendelea. Walioanza mapema, watoto wengi zaidi walifika siku ya kuzaliwa wakiwa kichwa chini: waliobaki bila kichwa chini walikuwa 41% dhidi ya 49%. Lakini upasuaji ulikuwa 52% dhidi ya 56%, tofauti ndogo ambayo huwezi kusema si bahati tu. Na kulikuwa na wasiwasi wa watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana wengi tunabaki na wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza na 37 kwa waliowahi kuzaa, au 37 kwa wote.

#19 Namba_Hazidanganyi
Na jaribio hilo linakaa upande wa Subira. Vichwa vingi zaidi vilikuwa chini, upasuaji haukushuka kwa kiasi kile kile. Kichwa kuwa chini si kitu pekee kinachoamua.

#20 Mti_Mkavu
Au linakaa upande wangu. Mnachunguza nyonga, mnachunguza mtoto, mbona hakuna anayemchunguza mwenye kisu?

Mama aliyegeuziwa mtoto anaingia wodini na lebo. Kila mtu anajua "huyu alikuwa wa matako". Mapigo yakiteleza kidogo, watu wanakimbia naye. Uchungu ukisimama saa chache, hakuna subira. Mama mwenyewe naye ameshaishi wiki nzima na wazo la upasuaji, akiambiwa "twende" hakatai. Mwenzake wa kitanda cha pili mwenye mapigo yale yale anaambiwa alale ubavu, wanasubiri, anazaa.

#21 mkunga_wa_zamu
@Mti_Mkavu sikubaliani nawe kuhusu kukimbia na mama. Hakuna anayependa kupasua. Ila umenikumbusha jambo linalotuhusu sisi watoa huduma: kuanzisha uchungu.

Sehemu nyingine mtoto akishageuka, siku hiyo hiyo au kesho yake mama anaanzishiwa uchungu, kwa hofu kwamba mtoto atarudi alikotoka. Mlango wa kizazi bado mgumu, umefunga, mtoto hajashuka. Unamwekea dripu unalazimisha. Ukigoma tunasema "aliyegeuzwa hazai vizuri", kumbe ni sisi tuliomharakisha. Zipo tafiti zilizoona kwamba waliozaa ndani ya siku chache baada ya kugeuziwa walipasuliwa zaidi kuliko waliosubiri. Na wanaorudi kitako baada ya kugeuka ni wachache, chini ya 5 kati ya 100. Kama hakuna sababu nyingine ya kiafya, mwacheni mama aende nyumbani asubiri uchungu wake.

#22 daktari_wa_usiku
Kwenye kutokuharakisha nakuunga mkono kabisa. Ila usomaji mwingine upo: labda waliozaa haraka baada ya kugeuziwa ni wale waliokuwa na sababu ya kuharakishwa, maji kidogo, mtoto mdogo, shinikizo la damu. Basi si muda uliowapeleka kisuni, ni ile sababu.

#23 Subira_N
Mdogo wangu uchungu ulikuja wenyewe, kwa hiyo la dripu halimhusu. Bado namuona kwenye maelezo ya #4 au ya kidevu.

#24 Kipepeo_Mweupe
Mimi ni wiki ya 35, mtoto kakaa kitako, nasoma hapa moyo unadunda. Nielezeni hatari zake bila kunificha.

#25 mkunga_wa_zamu
Mdogo wangu, pumua kwanza. Wiki ya 35 bado anaweza kugeuka mwenyewe.

Hatari zipo ila ni chache. Takriban mama 1 kati ya 200 anahitaji upasuaji wa dharura ndani ya siku moja, kwa sababu ya damu kutoka, kondo kuanza kuachia au mapigo ya mtoto kushuka yasirudi. Mapigo kushuka kwa muda mfupi wakati wa kusukumwa ni jambo la kawaida, mtu anasimama, yanapanda. Ndiyo sababu hufanyika mahali penye chumba cha upasuaji karibu, si kwenye kliniki isiyo na kitu. Kama damu yako ni Rhesus hasi (kundi lenye alama ya kutoa, kama O-), ulizia sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kuishambulia damu ya mtoto. Na kama kondo limetangulia, umetokwa damu karibuni, maji yameshavunjika au mapigo ya mtoto si mazuri tangu mwanzo, hugeuziwi.

Ukiumia sema "acha". Wataacha. Ni haki yako.

#26 Shangazi_Mwema
Mwanangu Kipepeo, Mungu akutangulie. Kuna mtu amenitumia ujumbe wa faragha ananiambia nimshauri uende kwa mkandaji wa tumbo. Usiende. Najua kugeuza si kitu kipya, waganga wa Ugiriki ya kale walishaandika kuhusu kumgeuza mtoto, na Ufaransa daktari Pinard aliitangaza sana njia hii mwishoni mwa karne ya 19. Lakini mkandaji hana mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto, hajui kondo limekaa wapi, na kondo likiachia hana pa kukupeleka. Nimeshuhudia mama akifikishwa hospitali akiwa amechelewa baada ya kukandwa. Sitaki kueleza zaidi.

#27 daktari_wa_usiku
Shangazi umesema kweli. Hata hospitalini njia hii iliwahi kuachwa sehemu nyingi kwa sababu ilikuwa ikifanywa mapema mno, pengine mama akiwa amelazwa usingizi, na hakuna ufuatiliaji wa kutosha wa moyo wa mtoto. Ilirudi ilipoanza kufanywa mimba ikiwa imekomaa, kwa dawa za kulegeza mfuko. Saling na Müller-Holve wa Ujerumani waliandika kuhusu hilo mwaka 1975.

#28 Fundi_Saa
Na ile ya kuchoma majani karibu na kidole kidogo cha mguu? Mke wangu aliiona mtandaoni.

#29 Namba_Hazidanganyi
Ni tiba ya Kichina. Kuna jaribio la Cardini la mwaka 1998 lililoonyesha matumaini, yaliyofuata hayakukubaliana nalo vizuri. Kupiga magoti kichwa chini makalio juu nako hakujathibitishwa.

#30 Baba_Neema
Swali la mwisho kwangu. Kwani mtoto hawezi kuzaliwa hivyo hivyo kwa matako? Bibi yangu alizaliwa hivyo.

#31 daktari_wa_usiku
Anaweza, kwa masharti na kwa mikono inayojua. Mwaka 2000 jaribio la Hannah, nchi 26, wanawake zaidi ya 2,000, lilionyesha watoto waliofariki au kuumia vibaya walikuwa 1.6% kwa waliopangiwa upasuaji na 5.0% kwa waliopangiwa kuzaa kawaida. Dunia ikahamia kwenye kisu karibu mara moja. Walipofuatilia baadhi ya watoto hao hadi miaka 2, tofauti ya vifo na ucheleweshaji wa ukuaji haikuonekana. Na mwaka 2006 utafiti wa PREMODA wa Ufaransa na Ubelgiji, pale wanapochagua wamama kwa makini, haukuona tofauti hiyo kubwa. Tatizo la leo ni kwamba madaktari vijana wengi hawajawahi kumpokea mtoto wa matako hata mmoja, kwa hiyo ujuzi unapotea huku tunabishana.

#32 Mti_Mkavu
Tena hilo linanisaidia. Wodi isiyojua kumpokea mtoto wa matako ndiyo inayoogopa hata aliyegeuzwa.

#33 mkunga_wa_zamu
Mti_Mkavu hukati tamaa 😀. Njoo siku moja ukae zamu na mimi uone nani anaogopa.

#34 Subira_N
Bado la kusaini hakuna aliyenijibu. Mdogo wangu aliambiwa mtoto anaweza asigeuke, na kwamba kuna hatari ndogo ya dharura. Hakuambiwa kwamba hata akigeuka, 1 kati ya 5 anaweza kupasuliwa. Angekubali tu, ila asingelia vile alivyolia pale sentimita 6, akijiona ameshindwa.

#35 Mama_Pacha
Hata mimi sikuambiwa. Nilidhani akishageuka mchezo umekwisha.

#36 daktari_wa_usiku
Mimi huwa nasema, lakini najua wenzangu hawasemi kwa kuogopa mama atakataa kabisa. Kwangu huo ni woga usiofaa. Mama akipewa namba zote mbili, ya #6 na ya #8, anajua kwamba anapunguza uwezekano wa kisu, haufuti.

#37 Kipepeo_Mweupe
Ahsanteni wote. Nimeandika maswali yangu kwa ajili ya kliniki. Nimebakiza moja: akigeuka nikazaa kawaida, yale ya matako yanakuwa yamekwisha, sivyo?

#38 mkunga_wa_zamu
Hapana mdogo wangu, bakiza nyonga za mtoto. Watoto waliokaa kitako mwishoni mwa mimba wako kwenye hatari zaidi ya kiungo cha nyonga kutokaa sawa, hata kama waligeuzwa kabla ya kuzaliwa. Akishazaliwa, waambie wanaompima kwamba alikuwa kitako, maana kwenye kadi ya kuzaliwa itaandikwa kichwa tu. Watamkunja miguu na kuifungua wakisikilizia kiungo, na uombe ultrasaundi ya nyonga akiwa na wiki 6 hivi.

#39 Subira_N
Mkunga, hilo la nyonga kwetu halijafanyika na mtoto ana wiki 5. Nampigia mdogo wangu sasa hivi.